Laki 2: ninunue bredibodi na chipu, Arduino, au nikomae na Nand2Tetris tu?

Fundi_Kodi: Wakuu habari za jioni. Mi najifunza kodi mwenyewe mtandaoni mwaka wa 3 sasa, Python na PHP kidogo, chuo sijaenda. Juzi kati nimemtengenezea mama mdogo programu ya kikoba chao, gawio likawa linapishana na daftari la mhazini, akina mama wakaanza kuniangalia kama mwizi. Kuja kuchimba kumbe 0.1 + 0.2 kwenye Python inatoa 0.30000000000000004!! Nimejiona mjinga balaa. Nataka nianzie chini kabisa nijue hii mashine inafanyaje kazi. Nina laki 2, niende na ipi: bredibodi (ule ubao wa matundu wa kuchomekea nyaya na chipu), Arduino (kile kibao kidogo cha kuprogramu), au Nand2Tetris (ile kozi ya bure ya mtandaoni ya kujenga kompyuta)?

MzeeWaBaiti: Laptopu gani? RAM ngapi? Uko mkoa gani, una muda gani kwa wiki? Mnaleta uzi nusunusu halafu mnataka tupige ramli.

Dada_Pointa: Ya kikoba haihitaji hata mia, hela hifadhi kwa namba kamili, zidisha ziwe senti, floti (namba za desimali) achana nazo. 0.1 haiandikiki ikaisha kwenye mfumo wa 0 na 1, kama vile theluthi isivyoisha kwenye desimali, 0.333 mpaka kesho. Ila ukitaka kuijua mashine jifunze C, ni bure. Nilikuwa na picha kubwa naipitia kwa kushuka safuwima badala ya kufuata mistari, programu inakokota, nikageuza lupu mbili tu ikaenda kama imefukuzwa. Memori inaletwa kwenye keshi (kile kimemori kidogo cha haraka cha prosesa) kwa mafungu, prosesa nyingi za Intel na AMD ni baiti 64 kwa mkupuo, ukirukaruka unatupa fungu zima kwa ajili ya baiti moja. Python haikuonyeshi hayo.

Geti_Moja: Nand2Tetris bana, nini kingine. Unaanza na geti la NAND peke yake (kisaketi kidogo cha kuamua 0 au 1), unajenga mageti mengine, kijumlishi, memori, mpaka prosesa ya biti 16 inayoitwa Hack, kisha asembla na kompaila (programu za kutafsiri kodi iende kwenye mashine), na mfumo endeshi mdogo juu. Bure, na simyuleta (programu ya kuigiza hizo saketi) ukishaishusha haili bando. Hiyo laki 2 mnunulie mama mdogo kitenge.

Nyaya_Tupu: Mkuu bredibodi isikie kwangu. Niliona ile kompyuta ya biti 8 ya Ben Eater, yule jamaa wa YouTube, RAM yake baiti 16 tu, nikasema hii siwezi kushindwa. Nikaagiza vitu nje kwa muuzaji mmoja wa bei chee, nimesubiri mpaka nimesahau, vimefika bredibodi zenyewe matundu yamelegea waya ukiupiga chafya unachomoka. Nikaunga kaunta (saketi ya kuhesabu) usiku kucha, taa zinahesabu 3, zinaruka 7, zinarudi 2. Nikabadilisha chipu. Nikabadilisha adapta. Mke wangu akaniuliza hii redio inaanza lini kuongea. Wiki 3 nzima! Siku moja napeleka mkono nichomeke waya, sijagusa kitu, taa zikabadilika. Kumbe pini za kuingizia nimeziacha hewani, na hizo chipu za 74HC pini isiyoungwa popote inadaka kelele yoyote hata ya mkono, na kapasita ndogo za kutuliza umeme pembeni ya kila chipu sikuweka hata moja. Nilijifunza ndiyo, ila kuhusu nyaya, kompyuta yenyewe mpaka leo iko kwenye boksi la viatu.

MzeeWaBaiti: Ulitaka kula ugali kabla maji hayajachemka. Chukua prosesa moja iliyokamilika, 65C02, anwani za memori 65,536, saa yake (mapigo yanayoiendesha) unaweza kuisimamisha kabisa ukaenda hatua moja moja unaona kila baiti inapita. Au Arduino Uno R3, RAM kilobaiti 2, hapo ndo utaheshimu baiti. Zile za kuiga za Kariakoo nyingi zina chipu ya CH340 ya kuunganisha USB, laptopu isipoiona weka draiva, usimrudie muuzaji na ngumi.

Otis_wa_Kisumu: Mimi naona tarakilishi ya mtu ndiyo maabara yake, anunue nini tena

Geti_Moja: Tarakilishi ndo nini 😂 sema kompyuta

Otis_wa_Kisumu: Shuleni kwetu tulifundishwa tarakilishi, nyinyi mmechukua Kizungu mkaweka k na y mkaita Kiswahili sanifu.

Dada_Pointa: Kuna waliosema ngamizi pia. Jamani mwenye uzi yuko wapi?

Fundi_Kodi: Nipo wakuu, umeme ulikatika. Niko Morogoro, muda ni usiku tu. Laptopu ni ya mtumba, RAM 4, diski ile ya kuzunguka, Java ikifunguka naweza kwenda kununua chipsi nikarudi.

Geti_Moja: Ehh. Simyuleta yangu ni ya Java hiyo. Ila ipo na ya kwenye brauza siku hizi.

Nyaya_Tupu: Sasa hapo si anunue SSD (diski isiyozunguka, ya haraka) kwanza?

MzeeWaBaiti: SSD na RAM ya kuongezea. Ndo maana nilikuuliza mwanzo! RAM ya hiyo laptopu ni aina ya DDR3 au DDR4?

Fundi_Kodi: Nitajuaje mkuu?

Dada_Pointa: Fungua mfuniko wa chini usome. Zima kwanza na betri utoe, tafadhali.

Otis_wa_Kisumu: Nyaya_Tupu, lile boksi la viatu unauza?