Kiwanja cha nyasi bandia nyuma ya nyumba, mita 15 kwa 8: ipi bora kati ya hizi tatu?

Mdau wa Goba:
Wakuu, naomba ulinganisho. Eneo ni Goba, Dar es Salaam. Udongo ni mfinyanzi, na wakati wa masika maji yanasimama. Watakaocheza ni watoto wa miaka 7 hadi 14, mpira wa miguu zaidi, siku nyingine wavu. Nimebaki na njia tatu:

A. Nyasi za mm 50 zenye mchanga na chenga za tairi, juu ya kokoto.
B. Nyasi za mm 30 zisizojazwa kitu, juu ya godoro la mm 10 (tabaka laini la kupunguza mshtuko), chini yake kokoto.
C. Nyasi fupi za mm 15 zenye mchanga tu, juu ya zege.

Shindilia:
Mkuu, kwa hali hiyo tatizo lako la kwanza ni mfinyanzi, nyasi zinafuata. Mfinyanzi ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na kila kitu kilicho juu yake kinafuata. Chimba sentimita 30, toa udongo wote, rudisha kifusi kizuri sentimita 12 ukishindilia, kisha tandika jiotekstaili (kitambaa kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo). Usiiruke: bila hiyo tope linapanda taratibu na kuziba kokoto. Juu yake weka kokoto zilizochanganyika ukubwa, sentimita 15 zikishashindiliwa. Kwa mita za mraba 120 hizo ni mita za ujazo 18, kwa hiyo agiza 23, karibu lori nne za tani 10. Shindilia kwa matabaka ya sentimita 7 au 8. Ukimwaga zote mara moja mashine inakaza juu tu, chini kunabaki kulegea na mashimo yanajitokeza baadaye. Chukua kokoto ngumu kama za Lugoba. Za matumbawe zinasagika chini ya mashine, ungaunga wake unaziba njia za maji.

Mteremko ni asilimia 1. Kwenye upana wa mita 8 hiyo ni sentimita 8, mchezaji hausikii.

Mama Ramani:
Nakubaliana na Shindilia. Mimi kwa watoto wa umri huo nachagua B. A inataka mchanga wa silika kama kilo 15 kwa mita ya mraba na chenga kilo 6: kwako ni kilo 1,800 za mchanga (mifuko 72 ya kilo 25) na kilo 720 za chenga. Chenga hizo zinaingia kwenye viatu hadi sebuleni, mvua kubwa inazisukuma upande wa chini, na jua la saa nane mchana linazichemsha. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kwamba uuzaji wake kwa viwanja usitishwe ifikapo 2031, kwa sababu ni plastiki ndogondogo zinazosambaa kwenye mazingira.

Zege Imara:
Dada, B ni laini lakini wavu watacheza vipi? Mpira haudundi sawasawa. C inadunda vizuri na haibonyei. Zege la sentimita 10, la nguvu ya daraja C25, lenye wavu wa chuma wa BRC ndani, jumla mita za ujazo 12. Kata viungo (mifereji myembamba juu ya zege) kila mita 3 ndani ya saa 24, la sivyo zege litajipasulia lenyewe linapotaka.

Mama Ramani:
Kaka, kwenye wavu mpira haupaswi kugusa chini, kwa hiyo kudunda si hoja kubwa. Hoja ni goti la mtoto. Mchanga kwenye nyasi za mm 15 juu ya zege unachubua ngozi akiteleza. Na zege likiwa na bonde hata la milimita chache, maji yanalala hapo na kuota ukijani.

Kiungo:
Wote mnasahau sehemu inayoharibika kwanza: kiungo cha nyasi, pale roli mbili zinapokutana. Roli zina upana wa mita 4, kwa hiyo roli mbili zinatosha mita 8 bila akiba hata ya kukata pindo. Punguza upana wa kiwanja uwe mita 7.8. Agiza roli za bachi moja (zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja), na unyweleo wote, yaani upande nyuzi zinakolalia, uelekee upande mmoja. Ukigeuza roli moja, jua litakuonyesha rangi mbili na hakuna cha kurekebisha.

Zitandaze juani kwa muda wa saa mbili hadi tatu zinyooke kwanza. Kata pindo kwa upande wa mgongo, ukiondoa safu tatu za nyuzi, uache nafasi kati ya roli iwe sawa na nafasi kati ya safu na safu. Pana zaidi mstari unaonekana, finyu zaidi panavimba kama kovu. Tepu ya sentimita 30, gundi ya poliyurethani ya vijenzi viwili, nusu kilo kwa mita: kiungo cha mita 15 kinataka kilo 7 na nusu, nunua 10. Changanya kidogokidogo, kwa joto la Dar inakaza haraka ndani ya ndoo. Usipake kukiwa na unyevu. Nyuzi zisinase kwenye gundi. Tenga kwa mikono huku mwenzako anakanyaga, kisha weka mifuko ya mchanga hadi kesho yake.

Mdau wa Goba:
Nimeelewa, naelekea B. Vumbi la kokoto juu ya kokoto niweke kiasi gani?

Shindilia:
Sentimita 3, si zaidi. Ukiongeza inageuka sakafu isiyopitisha maji. Vuta rula ya alumini ya mita 3, pengo chini yake lisizidi mm 5. Kabla ya godoro na nyasi, mwaga ndoo ya lita 20 sehemu moja moja, hasa upande wa chini. Maji yakibaki juu kwa dakika kadhaa, parua hapo upunguze vumbi, usikubali fundi akwambie nyasi zitafunika.