Moniteri wa mbizi hana hata daftari, eti "Mama, enda ukakaange sambaza"!!!

YayaHimbi:
Batu ya Goma, muniambie kama miye njo mubaya. Nimetoka kando ya ziwa Kivu sasa hivi, mikono ingali inatetemeka juu ya kasirani. Munamujua bote, sina haja ya kumutaja, ule wa miwani ya jua hata usiku, mwenye kujiita moniteri, mwalimu wa kupiga mbizi.

Tumelipa dola zetu, tumekaa kwa majani, anagonga chupa anasema humu muko oksijeni safi. Nikanyamaza. Muko hewa ya kawaida tu iliyoshindiliwa, oksijeni ni 21% basi, lakini nikanyamaza. Halafu anasema: "Mukiwa munapanda, mufunge pumzi." MUFUNGE PUMZI!! Nikanyanyua mkono na heshima yote, papa, apana, mutu anayepumua hewa ya chupa hafungi pumzi hata kidogo, kutoka mita 10 mpaka juu ile hewa inapanuka mara mbili na zaidi, mapafu inapasuka. Akanitazama toka miguu mpaka kichwa, akasema mbele ya bote: "Mama, enda ukakaange sambaza", ile samaki ndogo ya ziwa letu.

Kicheko kilisikika mpaka Gisenyi.

Enda ukakaange sambaza! Miye! Nikamuuliza, papa umeshapiga mbizi ngapi, daftari unamoandika mbizi zako iko wapi? "Maji ni maji, nilizaliwa humu." Kama kuzaliwa kando ya ziwa njo diplome basi Goma yote ni bamoniteri, na mbuzi zetu pia. Kule PADI, shirika la kufundisha mbizi dunia yote, ili kuwa moniteri mutu anapita kwanza kwa divemasta (kiongozi wa bazamiaji), miezi 6 angalau tangu apate setifika ya kwanza ya kuzamia, mbizi 100 zimeandikwa, daktari amemupima, na amejifunza msaada wa kwanza ndani ya miaka 2 ya mwisho. Na hiyo 100 njo ya chini kabisa! Kwetu hapa miye naona haitoshi. Kivu iko karibu mita 1460 juu ya bahari, na ukipita mita 300 tu hesabu za baharini zinabadilika, mita 18 za hapa mwili unazihesabu karibu 21. Nilitaka mutu aliyezamia kwenye maziwa ya milimani akapandisha batu wazima, si mutu wa picha za WhatsApp. Nikamuuliza ile ya milimani, akarudilia sambaza yake! Mbele ya watoto!

VieuxBirere:
Pole yaya. Lakini iyo sambaza iko wapi, tuje?

KadogoKeshero:
😂😂😂 Ulienda kutafuta nini chini? Sambaza yenyewe inapandaka usiku ikiona taa ya bavuvi. Na gesi ya chini ya ziwa je, utalipuka na chupa yako

YayaHimbi:
Kadogo, gesi nyingi iko chini sana, zaidi ya mita 250, mwenye kuanza anaishia 18. Mazuku, ile gesi ya sumu, njo ya kuogopa, na iko inchi kavu kwenye mashimo. Usichanganye mambo. Na usicheke, alisema MUFUNGE PUMZI!

KadogoKeshero:
Nimefunga 😂

MotoMajengo:
Iyo si kitu. Wangu wa oto-ekole alishuka kwenye mteremko kununua krediti ya simu, gari ikaendelea na miye ndani, sijui breki iko wapi. Anarudi ananiambia "umefaulu". Batu baniheshimu.

MamaKadutu:
Nyie ba Goma munalia na mbizi za kulipia! Siye wa Bukavu tunazama bila kulipa. Mashua imejaa, naomba gile ya kuelea, naletewa moja haina hata kamba, kapiteni ananiambia "shika na meno". Meno!

YayaHimbi:
Mama, angalau kapiteni wako hajakutuma jikoni mbele ya batu

VieuxBirere:
Mashua gani, ya usiku ao ya asubuhi?

MamaKadutu:
Ya usiku. Na mizigo bameongeza tena.

VieuxBirere:
Aaah apana. Gunia ya makala ngapi sasa?

MotoMajengo:
Ukipitisha kwa ule kijana wa mbele anapunguza. Usiseme ni miye nimekuambia.

MamaKadutu:
Ule kijana njo alipoteza maharagi yangu!! Ngojeni nifungue uzi wake.