Programu ya hesabu ya enzi za DOS yakataa kufunguka kwenye Windows 11

MtunzaHesabu_Mbale aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninatunza hesabu za chama kidogo cha wakulima wa kahawa huku Mbale. Tangu miaka ya tisini tumekuwa tukitumia programu ya DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows) iliyoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Clipper na kijana ambaye siku hizi hatujui aliko, nayo ndiyo inayobeba daftari zima la wanachama: kilo alizoleta kila mmoja, mkopo wa mbolea aliouchukua, na kiasi kinachokatwa anapolipwa. Mwezi uliopita umeme ulikatika, na uliporudi ulikuja na nguvu za kupita kiasi, kompyuta yetu ya Windows XP ikaungua. Diski ilinusurika. Fundi aliitoa, akaiunganisha na kompyuta mpya kwa waya wa USB, nami nikanakili folda yote, ambayo haifiki hata megabaiti 20.

Kompyuta mpya ina Windows 11, na kila ninapolibofya faili la kuanzishia, naambiwa kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yangu. Nimejaribu kuidanganya kwamba iko ndani ya Windows XP, kama tulivyozoea kufanya kwa programu nyingine, bila mafanikio. Muuzaji amenishauri niongeze RAM. Je, hilo litasaidia? Tena tunachapa risiti kwenye ile printa ya utepe wa wino inayopiga kelele, kwa sababu inatoa nakala tatu za kaboni kwa mpigo mmoja. Mavuno yamekaribia na wakulima hawapokei fedha bila risiti.

Fundi_wa_Arua alijibu:

Mzee, weka fedha zako mfukoni. Hata ukiongeza RAM ikafika gigabaiti 64, ujumbe utabaki uleule.

Programu yako ni ya biti 16, yaani ya kizazi cha prosesa kilichotangulia zile za biti 32 na 64. Windows za biti 32, XP ikiwemo, zilikuwa na sehemu ndani yake iitwayo NTVDM, iliyoziendesha programu za DOS kwa kutegemea hali maalumu ya prosesa ya kujifanya prosesa ya zamani ya 8086. Prosesa inapofanya kazi kwa biti 64, hali hiyo haipatikani, na kwa hiyo Windows za biti 64 hazikuwekewa NTVDM kamwe. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32, lakini Windows 11 ni ya biti 64 peke yake. Ule ujanja wa kuidanganya programu huzifaa zile zilizotengenezewa Windows za jana. Kwa programu ya DOS haufui dafu.

Unachohitaji ni DOSBox, programu ya bure inayoiga kompyuta nzima ya zamani, prosesa pamoja na skrini. Ukiwa umeiweka folda yako moja kwa moja kwenye diski C kwa jina la kahawa, fungua DOSBox na uandike:

mount c c:\kahawa
c:

Kisha andika jina la faili la kuanzishia, bonyeza Enter, na utaiona menyu yako.

Mwalimu_Jinja alijibu:

Kabla ya yote hayo, inakili folda hiyo kwenye flashi mbili, na moja isikae ofisini. Clipper kwa kawaida hutunza kumbukumbu kwenye mafaili ya .dbf, ambayo LibreOffice Calc huyafungua kama jedwali. Fungua nakala, usifungue faili lenyewe, wala usilihifadhi upya humo, maana upana wa safu ukibadilika programu yako haitalitambua tena.

DadaWaKompyuta_Kampala alijibu:

Naheshimu maelezo ya Fundi, ila amelipita swali la risiti. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na walioitunga hawakuijengea njia ya kuchapa. Chukua DOSBox-X, ambayo ni ndugu yake na amri zake ni zilezile, au vDos, ambayo ililengwa kwa programu za kazi kama yako. Zote mbili hupokea kile ambacho programu inakituma kwenye LPT1 (tundu la printa la enzi za DOS) na kukipeleka kwa printa iliyopo kwenye Windows, hata kama imechomekwa kwa USB.

Wapo watakaokushauri uweke Windows XP ya biti 32 ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mwingine ndani ya dirisha la Windows yako. Inafanya kazi, na NTVDM utaikuta humo, lakini kwa programu moja ya megabaiti 20 naona ni kukodi lori ili kubeba debe moja. Ukiifuata njia hiyo, usiiunganishe XP na intaneti, kwa kuwa Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya usalama tangu Aprili 2014.

MtunzaHesabu_Mbale alijibu:

Ahsanteni sana. Nimeanza na vDos, na risiti ya kwanza imetoka leo asubuhi ikiwa na nakala zake zote tatu. Limebaki jambo moja linalonitia hofu: mwanachama namba 0317 nikimtafuta kwa namba naambiwa hayupo, ilhali nikiichapa orodha nzima namwona na kilo zake. Jana mlinzi alipokuja kufunga ofisi nililifunga dirisha kwa haraka kwa ile alama ya X, bila kupitia menyu.

Fundi_wa_Arua alijibu:

Ndiyo sababu. Kumbukumbu za 0317 ziko salama ndani ya .dbf, kilichoharibika ni faharasa, yaani mafaili ya .ntx ambayo programu huyatumia kutafutia. Kufunga kwa X ni sawa na kuchomoa waya wa umeme programu ikiwa katikati ya kuandika. Tafuta kwenye menyu yako sehemu ya kupanga upya faharasa, kwani waandishi wengi wa Clipper waliiweka, na uiendeshe baada ya kunakili folda. Kuanzia leo toka kwa menyu hadi urudi kwenye C:\>, kisha uandike exit.

MtunzaHesabu_Mbale alijibu:

Ilikuwa chini ya «Huduma», na imechukua sekunde mbili. 0317 amepatikana, na deni lake la mbolea pia.