Wimbo unalia msiba, kichupa kinakula bata! Hivi madairekta huwa wanasikiliza mashairi?

Wakuu, leo mnivumilie, nimechafukwa.

Kuna wimbo umetoka majuzi. Msanii simtaji, mashabiki wake nawajua kwa matusi. Redioni ulinikamata vibaya: jamaa anasimulia mama alivyomsomesha kwa kuuza vitumbua, ubeti wa pili mama anauza cherehani ili ada ilipwe, wa tatu kijana anarudi na hela zake anakuta matanga. Dada wa saluni ya jirani alizima draya ili asikilize.

Kichupa, yaani video yake, kikatoka. Boti nyeupe, mamodo watatu, droni inazunguka weee. Cherehani inapouzwa, kamera imeganda kwenye saa ya mkononi ya msanii. Na kwenye matanga, KWENYE MATANGA jamani, anatikisa chupa ya shampeni! Mama hayumo hata sekunde moja.

Msiniletee habari za bajeti. Aliyekodi boti anashindwa kuazima chuma cha vitumbua?

Ferooz na Professor Jay walipotoa Starehe, wimbo wa mtu anayemalizwa na UKIMWI, kwenye kichupa tulimwona mgonjwa amelala kitandani. Picha zenyewe za kizamani, lakini nani aliyekitazama akasahau?

Tulikoanza kuteleza napajua. Mwaka 2013 Diamond alikwenda kushuti Number One Afrika Kusini, watu wakaona picha safi zinavuka mipaka. Sipingi, soko lilifunguka. Ila ule ni wimbo wa kumsifu mpenzi na kucheza, mng'aro unaukaa. Waliofuata wakabeba mng'aro peke yake, wakaupaka hadi kwenye nyimbo za kilio.

Halafu hii slomo! Wanaoshuti wanajua: wimbo hupigwa kwa kasi, msanii anaufuatisha kwa mdomo, kisha picha ikipunguzwa mwendo midomo inakaa sawa. Sasa mtu anayekimbizana na sauti ya katuni, sura ya msiba ataitoa wapi? Na bado kila kichupa kina slomo, hata pasipo na sababu.

Wala sidai kila neno liigizwe. Wale wanaoimba "moyo" huku wameshika kifua nao wananichosha. Kichupa kina ruhusa ya kutuonyesha hata kile ambacho wimbo umekinyamazia, mfano mama akiifuta vumbi ile cherehani usiku, kesho yake mnunuzi anakuja. Hapo ningelia mara ya pili. Nimeishia kuziba skrini na kusikiliza sauti tu.

Wadau mnaofanya kazi kwenye hizi shughuli, nijibuni bila kupindisha: dairekta huupata wimbo siku ngapi kabla ya kushuti? Na nani anaamua boti iwepo, yeye, meneja au msanii mwenyewe?