Ibada ya shukrani kwa rafiki aliyepona saratani: tuiandaeje bila kumwumiza aliyefiwa?

Mwombezi:
Bwana asifiwe, ndugu zangu. Rafiki yangu, ambaye nimeimba naye katika kwaya moja tangu ujana wetu, aliugua saratani ya tezi za limfu, akamaliza tiba yote ya kemikali aliyopangiwa, na sasa daktari wake amemweleza kwamba vipimo havionyeshi tena dalili za ugonjwa. Kikundi chetu cha maombi kilifunga na kumwombea muda wote huo, na sasa tunatamani kumshukuru Mungu hadharani, kwa ibada na chakula cha pamoja. Kinachonitatiza ni kwamba miongoni mwetu yupo mama aliyefiwa na mume kwa ugonjwa huohuo, na mume huyo tulimwombea kwa machozi yaleyale. Sitaki shukrani yetu inyamazishwe, wala sitaki mama huyu aketi ibadani akijiona kana kwamba imani yake ndiyo iliyopungua. Tuseme nini, na tuepuke kusema nini?

Mwalimu wa Neno:
Ndugu Mwombezi, shukrani hiyo itoeni bila kusita. Katika Luka 17 Bwana Yesu aliwatakasa wakoma 10, na aliporudi mmoja tu, naye Msamaria, kumtukuza Mungu, aliuliza waliko wale 9.

Kuhusu maneno ya kutumia, ningewashauri msome pamoja Isaya 38 kabla ya kupanga ratiba. Mfalme Hezekia aliugua hata kukaribia kufa, akaomba akilia, akaongezewa miaka 15, na alipopona aliandika wimbo ambao nusu yake ni kilio: anaeleza jinsi alivyoomboleza kama hua na jinsi macho yake yalivyochoka kwa kutazama juu, kisha ndipo anapofika kwenye sifa. Hakuruka hofu yake ili kuiwahi furaha, na naamini ushuhuda wa namna hiyo unampa nafasi hata yule ambaye bado yumo katika kilio. Tena sura hiyohiyo inasema kwamba Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme ili apone. Kwa hiyo kuwataja madaktari na wauguzi katika sala hakumpunguzii Mungu utukufu hata kidogo.

Jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni hili: mtu yeyote asiseme kwamba rafiki yenu alipona kwa sababu aliamini kuliko wengine. Paulo aliandika katika Wafilipi 2 kwamba Epafrodito, mtenda kazi mwenzake, aliugua karibu na kufa na Mungu akamhurumia. Hakumsifu kwa ukubwa wa imani yake, alitaja rehema. Paulo huyohuyo alimwacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa, naye Paulo mwenyewe aliomba mara 3 mwiba wa mwilini mwake, yaani taabu iliyomsumbua, uondolewe na haukuondolewa.

Muuguzi:
Nimewahudumia wagonjwa wa saratani kwa muda mrefu, na nawapongeza kwa kusimama na rafiki yenu hadi mwisho wa tiba. Naomba mumlinde pia siku ya furaha yake. Tiba ya kemikali hushusha chembe nyeupe za damu, ambazo hupambana na maambukizi, hivyo amwulize kwanza daktari kama yuko tayari kukaa kwenye mkusanyiko, na mwenye kikohozi au homa asimkaribie. Uchovu huweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Ibada iwe fupi, naye aruhusiwe kuondoka mapema bila kuulizwa.

Lipo jingine linalonigusa sana. Saratani hii huweza kurudi, ndiyo maana kliniki za ufuatiliaji zinaendelea hata vipimo vikiwa safi. Mtu aliyetangazwa mbele ya kanisa kuwa amepona kabisa anaweza kuona aibu kusema kwamba ameona uvimbe shingoni au kwapani, au kwamba anatokwa na jasho jingi usiku, akidhani atawavunja moyo waliomwombea. Mshukuruni Mungu kwa alichotenda hadi leo, na mwambieni waziwazi kwamba habari yoyote itakayofuata mtaipokea pamoja naye.

Mwombezi:
Asanteni sana. Mwenyewe alininong'oneza kwamba anaogopa kusimama kutoa ushuhuda, nami nikadhani ni aibu ya kawaida tu. Nitazungumza naye upya.

Mama Mjane:
Mwanangu, mimi nilifiwa na mume, nikahudhuria shukrani ya mwenzangu aliyepona, kwa hiyo nakuandikia kama mmoja wa waliofiwa. Furaha ya watu haikuniumiza. Niliimba nao kwa moyo wote. Kilichoniumiza ni mhubiri kusema kwamba Mungu hawaachi wanaomwita kwa imani, kana kwamba sisi hatukumwita.

Nenda kwa mama huyo kabla tangazo halijasomwa kanisani, ili asilisikie pamoja na umati. Mwambie mnachopanga, kisha mwache aamue mwenyewe kama atakuja, kama atakaa nyuma, au kama angependa kuongoza sala mojawapo, na usimwamulie kwa huruma. Akikubali, mtajeni mumewe kwa jina mtakapowakumbuka mliowaombea, kwa maana wengi huacha kulitaja jina la marehemu wakidhani wanatusitiri, nasi hubaki tukilisubiri.