Naomba ushauri: magari matatu ya mfano ya Formula 1 kwa mpwa wangu

Mjomba wa Tabata ameandika:

Wanajamvi, habari za jioni. Mpwa wangu ana umri wa miaka 13, na mwaka jana nilimwahidi kwamba akifaulu vizuri nitamnunulia magari matatu ya mfano ya Formula 1 (zile mbio kubwa za magari duniani), yale madogo ya chuma yanayowekwa juu ya kabati, si ya kuchezea mchangani. Kijana amefaulu, na ahadi ni deni. Alianza kuupenda mchezo huu mwaka 2023, alipokuwa akija kwangu Jumapili saa kumi jioni, muda ambao mbio nyingi za Ulaya huanza kwa saa zetu, na karibu kila alipokuja alimkuta Max Verstappen akishinda. Tangu hapo, kwake bingwa ni Verstappen na gari ni Red Bull. Siku niliyomtajia Ayrton Senna, dereva bingwa wa zamani, aliniuliza alichezea timu gani ya mpira.

Nimechagua kwa kuangalia idadi ya ushindi: Red Bull RB19 ya mwaka 2023, iliyoshinda mbio 21 kati ya 22, McLaren MP4/4 ya mwaka 1988, iliyoshinda 15 kati ya 16, na Ferrari F2004, iliyoshinda 15 kati ya 18, 13 kati ya hizo zikiwa za Michael Schumacher. Fedha niliyonayo inatosha magari matatu ya kipimo cha 1:43 tu (yaani gari halisi limepunguzwa mara 43). Naomba maoni yenu kabla sijalipa, pamoja na mambo ya kukagua, kwa sababu gari nililowahi kununua lilifika nyumbani bawa la nyuma likiwa limebanduka na muuzaji hakutaka kunisikiliza. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Spana amejibu:

Mkuu, hongera kwa kijana. Hesabu zako hazina kasoro, ila magari hayo yatamfundisha somo moja mara tatu, yaani kwamba ipo timu iliyopatia kila kitu mwaka huo na wengine wakala vumbi. Ningebakisha MP4/4, kwa sababu vita ya mwaka ule ilikuwa ndani ya timu yenyewe. Senna alishinda mbio 8 na Alain Prost 7, wote wakiwa na injini ileile ya Honda yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi). Ukijumlisha pointi zote za msimu, Prost alipata 105 na Senna 94. Lakini kanuni ya wakati huo ilihesabu matokeo 11 bora tu ya kila dereva, na baada ya kukata yaliyozidi, Senna akabaki na 90, Prost 87, ubingwa ukaenda kwa Senna. Mpe kijana kalamu na karatasi agombane na kanuni hiyo mwenyewe.

Mbio pekee iliyowaponyoka ilikuwa ya Monza. Prost aliharibikiwa na injini, na Senna, akiongoza huku ikikaribia mizunguko miwili ya mwisho, akagongana na Jean-Louis Schlesser, ambaye alikuwa nyuma yake kwa mzunguko mzima. Gerhard Berger akaipa Ferrari ushindi nyumbani Italia, majuma manne baada ya Enzo Ferrari kufariki.

Binti wa Gereji amejibu:

Naungana na Mzee wa Spana, lakini naomba turudi nyuma zaidi. Kijana akiitazama RB19 kwa karibu ataona matundu ya hewa ubavuni, kulia na kushoto kwa dereva. Muulize kwa nini yako hapo wakati gari la mjomba lina rejeta (kipoza injini, kinachohitaji hewa) mbele. Jibu lake linaanzia kwenye Lotus 72, iliyoingia mashindanoni mwaka 1970. Kabla yake gari la Formula 1 lilikuwa na umbo la sigara, rejeta ikiwa puani. Colin Chapman, mwenye timu ya Lotus, na mbunifu Maurice Philippe waliihamishia ubavuni, wakachonga pua nyembamba kama kabari, na breki za mbele wakazitoa kwenye magurudumu na kuzificha ndani ya bodi ili magurudumu yawe mepesi. Gari hilo liliendelea kushindana hadi mwaka 1975, nalo lilishinda mbio 20, ilhali siku hizi gari la Formula 1 huwa limezeeka msimu ukiisha.

Ila ujiandae kwa swali gumu. Jochen Rindt wa Austria alifariki akiwa ndani ya gari hilo, katika mazoezi ya Monza, Septemba 1970, akiwa anaongoza kwa pointi. Jacky Ickx wa Ferrari angeweza kumpita katika mbio zilizosalia, lakini kijana aliyekuwa na Rindt katika timu, Emerson Fittipaldi, alishinda Watkins Glen nchini Marekani na kuufunga mlango. Rindt ndiye bingwa pekee wa dunia wa Formula 1 aliyetawazwa akiwa kaburini. Mtoto wa miaka 13 atauliza, usimfiche.

Shabiki Mtiifu amejibu:

Wakubwa zangu, kwa heshima zote, zawadi ni ya mtoto. Mkimnyima gari la Verstappen ili apende ya ujana wenu, hiyo Lotus itabaki kwenye boksi lake. Tena RB19 nayo ina kovu: Singapore, ambako Carlos Sainz wa Ferrari aliwazuia kumaliza msimu bila kufungwa.

Kipanga amejibu:

Shabiki Mtiifu amesema kweli, RB19 ibaki. Ninayoomba itoke ni F2004, nafasi yake ichukuliwe na Tyrrell P34 ya mwaka 1976, yenye magurudumu sita: makubwa mawili nyuma, madogo manne mbele. Derek Gardner, mbunifu wake, alitaka magurudumu ya mbele yajifiche nyuma ya bawa la pua yasisumbue upepo. Lakini tairi dogo hugusa barabara kidogo, ndipo akaongeza jozi ya pili. Kwa kuwa dereva asingeweza kuyaona akiwa amekaa, walimtobolea vidirisha ubavuni.

Mwezi Juni mwaka huo, Anderstorp nchini Sweden, Jody Scheckter alimaliza wa kwanza na Patrick Depailler wa pili. Gari hilo halikushinda tena. Matairi yale madogo yalitengenezwa kwa ajili ya timu moja tu, kwa hiyo uboreshaji wake ulibaki nyuma ya yale ya kawaida, na baadaye kanuni zikaamuru magurudumu manne, basi. Scheckter mwenyewe, mtu wa Afrika Kusini, alichukua ubingwa mwaka 1979 akiwa na Ferrari, na hadi leo Afrika haijatoa bingwa mwingine.

Mjomba wa Tabata ameandika:

Nawashukuru sana. Nimechukua RB19, MP4/4 na P34. Lotus 72 nimeiwekea mtihani ujao. Nimebaki na maswali mawili. Katika picha za muuzaji, MP4/4 ina rangi nyekundu na nyeupe lakini haina maandishi makubwa ninayoyakumbuka. Je, ni feki? Na P34 zipo mbili, namba 3 na namba 4.

Binti wa Gereji amejibu:

Si lazima iwe feki. Maandishi hayo yalikuwa tangazo la sigara, na watengenezaji wengi wa magari ya mfano huyaacha. Stika zake huuzwa kando. Wewe angalia namba 12 na kofia ya njano, ndizo za Senna, maana namba 11 ni ya Prost. Omba picha ya mabawa kabla hujalipa, na usikubali gari lisilofungwa kwa skrubu kwenye kitako chake, kwa sababu hilo ndilo linalofika likiwa vipande.

Kipanga amejibu:

Namba 3 ndiyo ya Scheckter. Kagua na vidirisha vya ubavuni, kama vimetobolewa kweli au vimepakwa rangi nyeusi tu.