Tupeane uzoefu: mliojifunza wenyewe kutengeneza biti za singeli chumbani

Mwanamanzese: Jana nilisikia kinanda cha Casio kikilia kwenye mchiriku wa zamani, ule muziki wa mitaani wa Dar es Salaam, nikakumbuka nilivyoanza. Nilikuwa nikirekodi gitaa kwa simu, godoro nimelisimamisha mlangoni, lakini kelele za mchomelea mageti zilipenya kila siku, hadi nikaachana na maikrofoni na kuhamia FL Studio, programu ya kutengeneza muziki kwenye kompyuta. Wenzangu mliingiaje?

Binti Buguruni: Kelele zilinihamisha mimi pia. Kwetu ilikuwa mashine ya kusaga.

Kinanda Kimoja: Umenigusa pabaya. Kompyuta yangu iligoma kuwaka, nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, naye akapiga Windows upya bila kuniuliza, na kazi zangu za miaka miwili zikafutika. Nilikaa kituo cha daladala hadi giza likaingia. Zilizosalia ni biti kumi na moja ambazo wasanii walikuwa nazo kwenye simu zao, tena ni MP3, ambamo ngoma na kinanda vimekwisha kushikamana na si rahisi kuvitenganisha vizuri. Nilichofanya ni kuzikatakata vipande vya nusu sekunde, nikavizungusha na kuvipandisha kasi hadi mapigo 220 kwa dakika. Hapo ndipo nilipoacha kuiga gitaa na kuanza kusikia muziki wa kompyuta wenyewe.

Mzee wa Nota: Pole sana. Hata hivyo, kukata kazi iliyokwisha na kuikimbiza si utunzi.

Binti Buguruni: Hapo sikubaliani nawe, mzee wangu. Singeli imekua kwa kukimbiza vipande vya taarabu na mchiriku, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa albamu ya Sounds of Sisso, kazi za studio moja ya Mburahati, Dar es Salaam, wasikilizaji wa Ulaya walipokea kasi hiyohiyo unayoikataa.

Mzee wa Nota: Kupokelewa Ulaya si hoja. Jifunzeni kinanda kwanza.

Mwanamanzese: Tumwachie Kinanda Kimoja nafasi. Ndugu, nunua diski ya nje.

Fundi Spika: Diski nayo hufa. Jitumie kila kazi kwa barua pepe, na kila chombo ukihifadhi peke yake.

Binti Buguruni: Ile biti ya kwanza ya vipande bado unayo?

Kinanda Kimoja: Ninayo, nimeihifadhi sehemu tatu. Nitaipandisha usiku, bando likitosha.